Amana Ina Wenyewe

Pwani ya Lindi, toka Kilwa hadi vijiji vya ndani kama Milola, neno amana halihitaji kufafanuliwa. Fikihi inasema aliyewekewa mali ya mwenzake halipi ikiteketea kwa moto asiouwasha. Akiitumia kama yake, au akizembea kuilinda, anadaiwa. Naamini imani ya wananchi kwa kiongozi wa taifa ni amana ya namna hiyo. Hasara watu huivumilia, hata njaa. Kisichovumilika ni kuamuliwa mambo yao kana kwamba wao si wenyewe.

Tumtazame Mwalimu Nyerere. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akaenda kuijenga TANU kwa wanachama, na Novemba mwaka huohuo akachaguliwa rais kwa kura nyingi mno. Kisha Novemba 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri. Huku kusini uhamishaji ulikwisha kuanza kabla ya hapo. Mikorosho ikabaki kwenye mahame, mbali na nyumba mpya, nyasi zikaota chini yake na moto wa kiangazi ukapita. Korosho za nchi nzima, zilizofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zilishuka hadi tani 17,000 hivi msimu wa 1986/87. Atakayesema ugonjwa wa ubwiriunga na bei duni navyo vilichangia, amesema kweli. Lakini hapo ndipo kanuni ya amana inapopambanua: ugonjwa ni ule moto usio na wa kudaiwa, ilhali umbali kati ya mkulima na shamba lake uliletwa na amri, na mwenye shamba hakuulizwa. Wengi hawakuandamana. Waliacha kupalilia.

Wapo watakaonikumbusha kwamba miaka hiyohiyo Mwalimu alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura. Kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja haitenganishi ridhaa na woga. Jembe lililotundikwa ukutani ni shahidi mkweli zaidi. Pingamizi zito ni jingine: ikiwa amana ilivunjwa, mbona nchi ilimlilia sana alipofariki mwaka 1999? Jibu langu ni kwamba kukosea katika kuishika amana si sawa na kuila. Mwalimu hakujilimbikizia mali. Mwaka 1977, akilipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, alikiri hadharani mapungufu ya serikali yake mwenyewe. Deni hilo halikufutika kwa kukiri, na mikorosho iliyokufa haikufufuka, ila watu walijua bado wanahesabiwa kuwa ndio wenye mali. Naye, ingawa uenyekiti wa chama aliushika hadi 1990, urais aliukabidhi kwa Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, bila kushurutishwa na mtu, akaenda kulima Butiama.