Lutu Aliinua Macho: Ni Buruburu ama Ni Umoja?

Masomo: Mwanzo 13, Mwanzo 23, Yeremia 32:6–15

Mwambie jirani yako, "Leo tunaongea juu ya nyumba." Mwambie tena, lakini usimwulize analipa kodi ngapi.

Nimeletewa swali moja mara nyingi mwaka huu kuliko maswali mengine yote, na si swali la wokovu. Watu wanaingia ofisini, wanafunga mlango polepole, wanasema: "Pasta, tumeweka akiba, sacco imekubali, na tumeona nyumba mbili. Moja iko Buruburu, nyingine Umoja. Tuombee Mungu atuonyeshe ni gani." Sasa, mitaa hiyo miwili imetenganishwa na barabara, Outering. Mtu anatoka Mutindwa kwa miguu, anavuka, ameshafika upande wa pili kabla soda yake iishe. Lakini vile tunaongea, utafikiri mtaa mmoja ni Misri na mwingine ni Kanaani. Kuna waliookoka ambao wakivusha vyombo vyao Outering kwa pikapu, wanatoa ushuhuda kama waliovuka Yordani.

Twende kwenye Neno. Mwanzo 13. Abramu na Lutu wametoka Misri wakiwa na mali. Ng'ombe na kondoo wamekuwa wengi, malisho hayawatoshi wote wawili, na wachungaji wao wanagombana. Abramu ndiye mzee. Abramu ndiye aliyepewa ahadi. Lakini anamwita mtoto wa ndugu yake na kumwambia achague kwanza: akienda kushoto, yeye ataenda kulia. Niambieni, kwetu sisi, nani amewahi kusikia mzee akimwachia kijana achague shamba mbele yake? Kijana mwenye adabu angesema, "Hapana baba, anza wewe." Lutu hakusema hivyo. Aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akalichukua lote.

Hapa ndipo wahubiri wengi huanza kumpiga Lutu mawe. Mimi simlaumu kwa kupenda maji. Mtu wa Eastlands anayejua kuamka saa nane za usiku kujaza mitungi, eti mfereji umeanza kulia, huyo hana ruhusa ya kumcheka Lutu. Maji ni sababu nzuri ya kuchagua mahali pa kukaa. Shida iko mstari wa 13. Neno linatuambia watu wa Sodoma walikuwa watu wa namna gani, na hatuoni popote Lutu akiuliza. Aliangalia bonde, hakuangalia majirani. Sasa fuata nyayo zake. Katika mstari wa 12 hema lake linasogea mpaka karibu na Sodoma. Ukifika sura ya 14, anakaa Sodoma kwenyewe. Ukifika sura ya 19, ameketi langoni, mahali pa wazee wa mji, na binti zake wameposwa hapo hapo. Alifikiri anachagua malisho, kumbe anachagua wakwe.

Lakini angalia jambo lingine ambalo huwa tunalipita. Mungu hakumwambia Abramu, "Shika kushoto." Hakuna sauti kutoka mbinguni, hakuna ndoto, hakuna malaika. Sauti ya Bwana inakuja mstari wa 14, baada ya Lutu kuondoka. Yaani Abramu alikuwa tayari kukaa upande wowote, kulia ama kushoto, kwa sababu ahadi ya Mungu haikuwa imefungwa kwenye upande mmoja. Alichokataa ni ugomvi kati ya ndugu. Hicho ndicho alichotangulia kukitaja.

Kwa hivyo ukija kwangu unitake nikutabirie jina la mtaa, utarudi bila jina. Kuna dada wa hapa aliyeambiwa na mtu, si wa kanisa hili, kwamba nyumba yake iko upande wa kulia wa barabara. Nikamwuliza, kulia ukielekea wapi? Ukienda tauni ama ukitoka?

Nitawapa mfano ulio hai, na wenyewe wamenikubalia nisimulie bila kuwataja. Ndugu mmoja na mkewe walikuja wakiwa hawaongei. Ndugu anataka mezoneti Buruburu. Mnajua zile nyumba: mtaa ulijengwa kwa awamu, Phase 1 mpaka Phase 5, kuanzia miaka ya 1970, nyumba zimepangwa kuzunguka uwanja, kila koti na geti lake. Dada anataka Umoja. Umoja nayo ilianza miaka hiyo ya 1970, lakini ilianza na nyumba ndogo za chini ambazo mwenyewe angeongeza vyumba akipata pesa. Leo nyingi za hizo zimebomolewa na ghorofa zimesimama mahali pake. Dada alikuwa ameona nyumba moja ya zamani iliyobaki, ina vyumba viwili nyuma vya kupangisha, na kibanda chake cha biashara kiko karibu, Mutindwa.

Nikamwambia ndugu aanze. Akasema, "Pasta, baba yangu alikufa mpangaji. Tulihama nyumba tisa nikiwa mtoto. Mara moja nilitoka shule nikakuta vitanda vyetu viko nje na mvua inanyesha. Niliapa watoto wangu watakulia mahali penye geti, mahali nikitaja mtu asiniangalie vibaya." Alipofika hapo sauti ikamkwama.

Dada akangoja. Halafu akasema polepole, "Baba watoto, mimi sikatai geti. Lakini nimepiga hesabu. Tukilipa sacco ya hiyo nyumba, mshahara wako umeisha, na mimi kibanda changu kinabeba chakula, karo na stima. Kule Buru tutakuwa tunalala tu. Hatutakuwa tunaishi."

Kanisa, hapo nani ni Lutu na nani ni Abramu? Usiharakishe kujibu. Ndugu hatafuti sifa, anakimbia ile mvua. Dada naye si mtu wa imani ndogo, ni mtu wa kupiga hesabu, na Yesu katika Luka 14 anasema mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Sikuwaambia wachukue ipi. Niliwaambia hivi: mmekuja na nyumba mbili, na nyote mmesahau kuangalia vitu ambavyo Lutu alisahau. Nikawapa kazi. Ndugu aende Umoja saa tatu usiku, siku ya wiki, akae pale nje na aongee na watu. Dada aende Buruburu Jumamosi usiku. Na mmoja wao aende kila mahali siku ya mvua kubwa. Ajenti hukuonyesha nyumba saa nne asubuhi jua likiwaka. Hakuonyeshi mtaro ukifurika, wala hakwambii muziki huzimwa saa ngapi. Wamama wenye mitungi ndio watakwambia ukweli wa maji, si yule anayengoja kamisheni. Na msinicheke, lakini uliza pia kama kuna kanisa la mabati nyuma ya ukuta. Wakati mwingine kelele zinazomnyima mtu usingizi ni za kesha zetu sisi wenyewe.

Sasa tumwone Abramu akinunua, maana wengi hudhani mtu wa imani hanunui, hupewa. Mwanzo 23. Amekuwa Ibrahimu, Sara amekufa, na mtu huyu aliyeahidiwa nchi nzima hana hata mahali pa kumzika mkewe. Anaenda kwa Wahiti. Efroni anamwambia mbele za watu, chukua shamba, chukua na pango, bure. Ibrahimu anakataa cha bure. Anataka bei. Inatajwa, shekeli 400 za fedha, naye hapunguzi, anazipima mbele ya wote walioko langoni pa mji. Halafu soma vile Neno linaandika: shamba, pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mipaka yake pande zote. Hiyo, ndugu zangu, ni agano la mauzo. Kila kitu kimetajwa mpaka miti, na mashahidi wapo.

Yeremia naye, sura ya 32, amefungwa katika uwanja wa walinzi, mji umezingirwa na maadui, na bado ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Nakala ni mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi, na Baruku anaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Nabii kamili, mwenye kusikia sauti ya Mungu, bado anaweka karatasi zake vizuri. Wewe unasema "tumekubaliana na huyo mzee, ni mtu ameokoka, ni sawa tu"?

Basi nisikieni kama baba. Kabla ya kulipa hata shilingi, fanya serchi ya hati. Siku hizi ya Nairobi inafanywa kwa mfumo wa Ardhisasa, na wakili wako anajua. Jina lililo kwenye hati lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama ni lizi, usiridhike kusikia "ni ya miaka 99." Uliza ilianza lini. Lizi ya miaka 99 iliyoanza 1976 inaisha 2075. Ukinunua leo hujanunua 99, umenunua iliyobaki, na benki nayo itahesabu hivyo hivyo. Kama nyumba imeongezwa vyumba, na Buruburu ni nyingi zimeongezwa, omba kuona ramani iliyoidhinishwa na kaunti, kabla kanjo hawajaja kukuuliza wewe. Kama ni ghorofa Umoja, hesabu sakafu zilizo kwenye ramani, halafu simama nje uhesabu zilizo kwenye jengo.

Na pesa. Watu hufika kwa bei ya nyumba wakiwa wamechoka, hawana kitu kingine. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Nyumba ya milioni 10, hizo ni shilingi 400,000 juu ya bei, na wakili hujamlipa. Kwa kawaida unatakiwa kuweka asilimia 10 unapotia sahihi, na ukishindwa kumaliza unaweza kuipoteza. Usiahidi kwa imani pesa ambazo sacco haijakuandikia.

Wanaume, hii ni yenu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mke na mume. Kwa hivyo ukinunua, hakikisha mke wa anayeuza amekubali, usije ukawa ndiwe unayemtoa mama wa watu nje na vitanda vyake. Na ukiandikisha yako, andikisha majina mawili. Nimezika wanaume katika kanisa hili. Nimeona wajane wakitafuta hati kwenye masanduku wakiwa na nguo nyeusi, shemeji wakiwa mlangoni wanangoja. Kama kibanda cha mkeo kimelisha hiyo nyumba, jina lake lina haki ya kukaa kwenye hiyo karatasi.

Wale wawili wangu bado hawajaamua. Ndugu ameshaenda Umoja mara mbili usiku, na ameniambia mara ya pili alipelekewa kiti na jirani. Dada amepata lizi ya ile ya Buruburu na anaisoma na kalamu mkononi. Wanaongea tena. Kwa mimi hilo limeshajibu nusu ya maombi yao, na nyumba bado haijapatikana.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitabaki pale mbele, pamoja na mawakili wawili wa hapa kanisani ambao wamejitolea bila malipo. Mwenye nyumba anayoitazama, iwe Umoja, Buruburu, Donholm ama Kayole, alete karatasi alizo nazo. Wenye ndoa, njooni wawili. Nikimwona mtu mmoja na bahasha ya watu wawili, nitamrudisha akamwite mwenzake.