Nani Amemsukuma Aliye Mbele?



Vijana wetu wa Masasi na Newala wanapenda muziki, wala si ajabu, maana wamezaliwa katika nchi ya ngoma. Likitangazwa tamasha Mtwara mjini au Dar es Salaam, wanachanga nauli, wanapanda basi, na wakifika uwanjani kila mmoja anataka jambo moja: afike mbele, karibu na jukwaa, amwone mwimbaji kwa macho yake. Wazazi wengine huuliza kama jambo hili ni baya. Mimi napenda tuulize swali jingine lililo gumu zaidi. Watu wakifa katika msongamano, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kuua, je, yuko mwenye hatia? Na kama yuko, ni nani?

Tuyatazame kwanza mambo yaliyotokea. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto walijazwa katika ukumbi wa disko toto mjini Tabora, na wasiopungua 19 wakafa. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Tarehe 21 Machi 2021 Dar es Salaam ilipoteza watu 45 waliokwenda uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli. Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 11 walikufa Kinshasa katika onyesho la mwanamuziki Fally Ipupa. Na usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, mjini Kampala, watu waliokuwa kwenye onyesho la muziki walisongana kupita njia nyembamba ili waone fataki. Wasiopungua 9 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto.

Ndugu zangu, tazameni orodha hiyo. Humo mna dansi, mna maombi, mna msiba, mna sikukuu. Wako watu ambao kila yakitokea maafa kwenye muziki husema, "Hiyo ndiyo adhabu ya anasa." Lakini wale wa Moshi walikuwa wakimtafuta Mungu, na wale wa Dar es Salaam walikuwa wakiomboleza. Basi tuache kuusingizia muziki. Kinachoua ni kingine.

Magazeti yetu huandika kwamba watu walikufa katika "mkanyagano". Neno hilo hutupotosha. Ni kweli wako wanaoanguka na kukanyagwa, lakini wengi hufa wakiwa wamesimama. Ili mtu avute pumzi, ni lazima kifua chake kipanuke. Akibanwa mbele na nyuma kwa nguvu, kifua hakipanuki, pumzi haiingii, na baada ya dakika chache tu anazimia. Wataalamu wa mambo haya wanasema kwamba katika eneo la mita moja ya mraba wakisimama watu wanne, kila mmoja aweza kugeuka na kujiondokea. Wakifika sita au saba, mwili wa mtu hauko tena chini ya amri yake mwenyewe. Umati unakwenda huku na huku kama maji, naye anachukuliwa nao, pengine hata miguu haigusi chini. Wala haihitajiki mtu mmoja kusukuma kwa ukatili. Mamia ya watu, kila mmoja akiegemea kidogo tu, hukusanya nguvu inayoweza kupinda vyuma vya uzio.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma. Yule wa nyuma kabisa amesogea nusu hatua. Hakumpiga mtu wala hakumtukana. Amesogea kwa sababu aliye mbele yake amesogea. Onyesho likiisha anakwenda zake nyumbani akiimba, na kesho yake anasikia redioni kwamba watu wamekufa. Anasema, "Masikini!" Hajui kwamba nusu hatua yake ilikuwamo.

Watu hutoa majibu matatu juu ya hatia hii, nami nataka tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza husema kwamba makosa ni ya waliokufa wenyewe, kwa tamaa yao ya kuwa mbele. Jibu hili ni jepesi, na tena ni la uonevu. Anayefia mbele mara nyingi ndiye aliyewahi kufika. Alikuwa amekwisha pata nafasi yake, hakuwa na sababu ya kumsukuma mtu. Nguvu iliyomwua ilitoka nyuma. Tujifunze kwa yaliyotokea Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, mashabiki walibanwa kwenye uzio, na idadi ya waliokufa kwa ajali ile sasa ni 97. Kwa miaka mingi walisingiziwa kwamba walikuwa walevi na wakorofi. Ni mwaka 2016 tu, yaani miaka 27 baadaye, baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa, na kwamba waliokufa waliuawa isivyo halali kwa uzembe wa waliokuwa na wajibu wa kuwalinda. Wazazi walizika watoto wao, kisha wakapigana miaka 27 kuyasafisha majina yao. Tusiwe wepesi wa kuwahukumu maiti, maana hawawezi kujibu.

Jibu la pili husema, "Ni ajali, ni mapenzi ya Mungu." Naliheshimu neno hili linaposemwa na mama aliyefiwa, kwa kuwa linampa nguvu ya kuamka asubuhi. Lakini likisemwa na aliyefunga mlango, ni kumtwisha Mungu mzigo wa binadamu. Tarehe 16 Juni 1883, katika mji wa Sunderland, Uingereza, watoto waliokuwa ghorofani kwenye onyesho walisikia kwamba zawadi zinagawiwa jukwaani. Wakateremka ngazi mbio. Chini kulikuwa na mlango uliokomewa ukaachwa wazi kidogo, apate kupita mtoto mmoja mmoja. Watoto 183 walikufa nyuma ya mlango ule. Baada ya hapo Waingereza wakatunga sheria ya milango ya dharura inayofunguka kwa nje. Kama ingalikuwa ni mapenzi ya Mungu tu, bawaba za mlango zisingalisaidia kitu. Lakini zimesaidia, na zimeokoa watu wengi. Nasi Tabora tulizika watoto wetu miaka 125 baada ya Sunderland. Elimu ilikuwapo, ila haikutumiwa.

Jibu la tatu husema kwamba wote waliosukuma ni wauaji. Hili nalo limepita kiasi. Aliye nyuma haoni uso wa aliye mbele, wala hasikii kilio chake, kwa sababu ya muziki na kelele. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua.

Basi, hatia iko wapi? Mimi naona kwamba wajibu huenda pamoja na macho. Katika umati, mtu wa mbele ana sauti lakini hana nguvu. Mtu wa nyuma ana nguvu lakini hana masikio. Kati yao hapana budi awepo anayeona kuliko wote wawili, na huyo ndiye wa kwanza kuulizwa. Ni mwenye tamasha, anayejua ameuza tiketi ngapi na uwanja unachukua watu wangapi. Ni mlinzi wa lango. Ni mwimbaji mwenyewe, aliye juu ya jukwaa, ambaye kipaza sauti chake kinasikika mbele na nyuma. Tarehe 30 Juni 2000, katika tamasha la Roskilde, Denmark, mwimbaji wa kundi la Pearl Jam alisimamisha muziki, akawaomba watu warudi nyuma hatua tatu. Wakarudi. Lakini alikuwa amechelewa kuambiwa, na vijana 9 walikufa. Yatupasa kujifunza mambo mawili hapo. Umati ukiambiwa husikia, kwa hiyo watu si wanyama kama wengine wanavyodai. Na neno likichelewa, huruma haifai kitu.

Lakini sitaki mtu wa nyuma aondoke akijiosha mikono. Kutojua ni udhuru kwa asiyeambiwa. Ninyi mliosoma hadi hapa mmekwisha ambiwa. Tangu leo, ukiwa nyuma ya watu waliosongana na hawaendi mbele, ukaendelea kuegemea, huwezi tena kusema hukujua.

Kijana ataniuliza, "Mwalimu, nimelipa kiingilio kama wao, kwa nini nisisogee?" Swali lake ni la haki. Tamaa ya kuwa karibu na tunachokipenda si dhambi. Zakayo alikuwa mfupi, akapanda mkuyu ili amwone Yesu, wala hakukemewa. Lakini kumbukeni kwamba alipanda mti. Hakupanda mabega ya watu. Na Bwana wetu mwenyewe aliuangalia umati kwa akili. Marko asimulia katika sura ya 3 kwamba aliwaagiza wanafunzi waweke mashua tayari, umati usije ukamsonga. Katika sura ya 6, kabla ya kuwalisha watu elfu tano, aliwaketisha katika majani kwa mafungu, mia mia na hamsini hamsini. Fikirini: watu wenye njaa, na chakula kiko mbele. Kama wangalisimama wote wakakimbilia mikate mitano, tungalisoma habari nyingine. Watu walioketi kwa mafungu hawasongani. Kiingilio chako kimekununulia nafasi ya kusimama, hakikukununulia kifua cha mwenzako.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho. Wazee wetu walipocheza mapiko au sindimba, watu walizunguka duara. Uwanja wa ngoma hauna ukuta, kwa hiyo aliyechoka hurudi nyuma na mwingine huingia. Lipiko likiwakimbilia watu, akina mama na watoto hutawanyika wakicheka, duara likapanuka, kisha likarudi. Duara hupumua. Jukwaa la siku hizi lina upande mmoja tu wa mbele, nyuma kuna ukuta, na lango ni moja.

Tena, hapa juu Newala, ambapo shida ya maji tunaijua tangu utoto, ndoo hupangwa foleni na wenyewe wakakaa kivulini. Kiu ni kali kuliko hamu ya kumwona mwimbaji, lakini watu hawafi kwenye bomba, kwa sababu nafasi ya kila mtu inalindwa na ndoo yake. Anayejua kwamba zamu yake haitapotea hana haja ya kusukuma. Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Watu husukumana wanapoogopa kwamba kilichopo hakitawatosha, au kwamba lango litafungwa kabla hawajafika. Anayewatia watu hofu hiyo, kwa kuuza tiketi kupita kiasi au kwa kufungua lango moja palipo na manne, amekwisha kusukuma kabla umati haujafika.

Sasa maneno machache ya kutumia. Ninyi vijana mkienda tamashani, mkifika tu angalieni malango mengine, si lile mliloingilia peke yake. Simameni ubavuni mwa jukwaa kuliko katikati kwenye uzio. Mtaona vizuri na mtakuwa na njia. Mkianza kuguswa na watu pande zote nne, ondokeni wakati mngali mnaweza. Mkibanwa, wekeni mikono mbele ya kifua kama bondia ili kulinda pumzi. Msishindane na mawimbi, bali yakitulia sogeeni kwa mshazari kuelekea pembeni. Aliyeanguka ainuliwe upesi. Na aliye nyuma akisikia "Rudini!", arudi, na kuwaambia walio nyuma yake.

Sisi wa parokia nasi tujitazame. Mkesha wa Krismasi na siku ya Kipaimara, Askofu akiwapo, kanisa hujaa mpaka vibarazani. Je, milango ya ubavuni inafunguliwa, au ufunguo uko kwa mtu aliyekaa kwaya? Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa kuwatoa watoto darasani mstari kwa mstari, walio karibu na mlango kwanza. Tarehe 3 Februari 2020, Kakamega nchini Kenya, wanafunzi 14 wa shule ya msingi walikufa kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Utaratibu mdogo kama ule wa mistari si ukali wa mwalimu. Ni njia ya kumpenda mtoto usiyemwona, aliye mbele ya mistari yote.

Kumpenda jirani tunayemwona ni kazi, lakini uso wake hutusaidia. Katika umati jirani yetu ni mgongo tu, na mbele ya mgongo huo kuna mwingine, na mwingine, hadi kwa binti mdogo aliyebanwa kwenye uzio, ambaye hatutamjua jina. Huyo naye ni jirani. Tunampa pumzi kwa kurudi hatua moja nyuma.

Wasalaam katika Bwana,

Mwalimu mstaafu, Newala