Huyu ni Mtoto wa Nani?

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya hadithi moja. Ni hadithi ya kubuni, imetungwa Marekani kwa ajili ya vijana, na mtu mzima aweza kuicheka. Lakini ndani yake mna swali lisilochekesha, nalo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi, za mbali na za kwetu.

Kuna msichana wa miaka 16, jina lake Kaye. Mama yake ni mwimbaji wa bendi, hana makao ya kudumu. Leo mji huu, kesho mji mwingine. Mwishowe wanarudi kukaa kwa bibi, katika jimbo la New Jersey, karibu na bahari. Tangu utoto Kaye alikuwa na rafiki ambao wengine hawakuwaona, na wakubwa walidhani ni mawazo ya mtoto tu. Halafu anakuja kujua habari ya ajabu: yeye si binadamu. Ngozi yake ya kweli ni ya kijani, mgongoni ana mabawa, na sura ile ambayo watu wameitazama miaka yote ni kama nguo aliyovikwa ili asitambulikane. Zamani mtoto wa mama yule aliibwa, naye Kaye akawekwa mahali pake. Kitabu hicho kinaitwa Tithe, kiliandikwa na Holly Black, kikatoka mwaka 2002. Tangu hapo vimetoka vingine vya namna hiyo. Katika Wings cha Aprilynne Pike, cha mwaka 2009, msichana wa miaka 15 anaota ua mgongoni na kujua kwamba si mtu. Wasichana wengi wamevisoma vitabu hivyo kwa furaha kubwa.

Hao wasioonekana ni akina nani? Si mizimu ya wazee waliokufa, wala si majini wanaosimuliwa pwani. Katika nchi ya Ayalandi, kisiwa jirani ya Uingereza, watu wa kale walisadiki kwamba chini ya vilima na ndani ya maboma ya udongo ya zamani wanakaa watu wengine, wanaofanana nasi, wenye wafalme wao na ngoma zao za usiku. Kwa kuwaogopa hawakupenda kuwataja kwa jina. Waliwaita Watu Wema. Walisema kwamba Watu Wema huiba. Huchukua mtoto mzuri, au mama kijana aliyetoka kuzaa, na kuacha mahali pake mmoja wa kwao, mgonjwa na mkondefu, mwenye sura ile ile. Kwa hiyo mama aliweka koleo la chuma juu ya kitanda cha mtoto mchanga, maana chuma kiliwatisha wezi hao. Na katika sehemu za magharibi wavulana wadogo walivikwa magauni kama wasichana, ili wezi wadanganyike.

Sasa tuulize: kwa nini msichana wa leo afurahi kusoma kwamba mwenzake si mtoto wa mama yake?

Nafikiri sababu si ngumu. Katika umri huo mwili unageuka, na mwenye mwili hakuulizwa kama anataka. Anajitazama katika kioo na kumwona mgeni. Nyumba aliyozaliwa inaonekana nyembamba; maneno ya mama ni yale yale ya jana; akitumwa maji mara ya tatu kabla ya jua kuchwa, moyoni anauliza: Kweli mimi ni wa watu hawa? Ndipo kitabu kinamjibu: Umefikiri vema. Wewe ni wa mbali. Una mabawa, ila hawayaoni.

Sitamlaumu msichana huyo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mvulana, baba alinipiga siku moja kwa kosa la ndugu yangu. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba baba yangu wa kweli yuko mbali, ni mtu mkubwa, na atakuja kunichukua kwa motokari. Hakuja. Asubuhi alikuja baba yule yule, ameshika kikombe cha uji, akakaa kando ya mkeka wangu bila kusema neno mpaka nilipokunywa. Ndoto za namna hiyo hupita, na hazidhuru mtu.

Lakini fikira hii ina makali pande mbili. Mtoto akisema mwenyewe, Mimi si wa hapa, ni ndoto. Watu wa nyumba wakimwambia, Wewe si wa hapa, ni jambo jingine kabisa. Kwa maana wale wazee wa Ayalandi hawakuishia katika kusimulia.

Mwaka 1826, huko Kerry, palikuwa na mtoto Michael Leahy, mwenye umri wa miaka minne hivi. Hakuweza kusimama, wala kutembea, wala kusema. Kikongwe mmoja, Ann Roche, alisema amwogeshe katika mto Flesk asubuhi tatu, ili kumtoa yule mgeni aliye ndani yake. Asubuhi ya tatu alimshika chini ya maji muda mrefu, na mtoto akafa. Baraza la hukumu halikumwona na hatia. Sisi leo twajua kwamba yako magonjwa ya ubongo na ya mishipa yanayomzuia mtoto kusimama na kusema. Mtoto yule hakubadilishwa na mtu. Alikuwa mgonjwa, naye alikuwa wao.

Tena mwaka 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, wilaya ya Tipperary, alikuwako mwanamke kijana Bridget Cleary. Alikuwa mshonaji hodari, mwenye mashini yake ya kushona na kuku wake wa mayai. Mwezi wa tatu aliugua. Daktari aliitwa, na padri aliitwa. Lakini mume wake Michael, fundi wa mapipa, aliingiwa na wazo kwamba huyu aliyelala kitandani si mke wake, kwamba mke wake amechukuliwa. Akamnywesha dawa za majani kwa nguvu, jamaa wakimshika, na baba yake mzazi akiwamo nyumbani. Wakamwuliza kwa jina la Mungu kama yeye ndiye Bridget. Akajibu kwamba ndiye. Wakamwuliza tena, akajibu tena. Usiku wa tarehe 15 mwezi wa tatu mume wake alimtupa chini mbele ya moto, akammwagia mafuta ya taa, akamchoma. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana katika kaburi fupi, naye mume alikuwa amesema kwamba atakwenda penye boma la kale kumngoja mke wake wa kweli, atakayepita juu ya farasi mweupe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kuua bila kukusudia, akafunguliwa mwaka 1910.

Ndugu, tutazame vizuri mambo ya nyumba ile. Mwanamke aliulizwa, Wewe ni nani? Akasema kweli. Lakini kweli yake haikumsaidia, kwa sababu wauliza walikuwa wamekwisha kukata shauri. Akinyamaza, ni dalili. Akisema, ni mgeni anayejua kuiga sauti. Akilia, mke wetu hakulia hivi. Mtu akiisha kufikiri kwamba undani wa mwenzake umefichwa, na kwamba yeye peke yake anauona, hakuna jibu litakalotosha. Hapo miaka yote ya kuishi pamoja, chakula kilichopikwa, nguo zilizoshonwa, haina uzito tena kuliko dhana ya usiku mmoja.

Msomaji aweza kusema: Hayo ni ya Ulaya ya zamani, sisi hatuna Watu Wema. Ni kweli, jina hatuna. Lakini je, hatukuwaona watoto wa barabarani, Kinshasa na katika miji mingine yetu, waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi? Mama amekufa, mtoto amebaki kwa jamaa. Ana kifafa, au anakojoa kitandani, au ni mkaidi, au ana akili nyingi kupita umri wake. Kazi ya mjomba inapotea, na mtu anasema: Huyu si mtoto, angalieni macho yake. Mtoto anaulizwa usiku kucha. Akikana, anaficha. Akichoka na kukubali, basi, amejishuhudia. Hilo ni lile lile la Ballyvadlea, limevaa nguo nyingine. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtia mwenye kumsingizia katika kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Sheria ni njema. Lakini sheria hufika mlangoni mtoto akiwa amekwisha kutupwa nje. Linalotakiwa ni kwamba fikira yenyewe igeuke.

Na hapa, jambo la ajabu, ile hadithi ya Kaye yatusaidia.

Maana mwandishi hakumwacha msichana wake ajifurahishe na mabawa tu. Katika kitabu cha mwaka 2007, kiitwacho Ironside, Kaye anaona kwamba siri yake ina mtu wa tatu. Ikiwa yeye aliwekwa kitandani, basi yuko mwingine aliyetolewa kitandani. Yuko mama aliyeibiwa mtoto asijue. Kwa hiyo anafanya jambo zito: anamwambia mama yake kweli yote. Mama anashituka na kuogopa. Ndipo Kaye anashika njia kurudi kwa watu wale wasioonekana, amtafute mtoto wa kweli na kumrudisha kwa mama.

Tupime tendo hilo. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Kwa kusema, alikuwa katika hatari ya kupoteza jina, chumba na mama. Alikwenda kumleta yule ambaye, akifika, angeweza kuambiwa: Huyu ndiye, na wewe nenda zako. Hata hivyo alikwenda. Sasa niwaulize: msichana anayekubali kupotewa na mama yake ili mama asipotewe na mtoto wake, ni mtoto wa nani?

Wengine watajibu: damu ndiyo inayosema, naye hana damu ya mama yule. Hatuwezi kuidharau damu. Mtoto aliyeibwa ana haki ya kurudi kwao, na miaka haifuti haki hiyo. Wengine watajibu kwa methali yetu: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hao nao wana kweli. Mama yule, pamoja na kuhamahama kwake, ndiye aliyemlisha Kaye na kumwuguza. Lakini mimi nakumbuka mfalme Solomoni, alipoletewa wanawake wawili na mtoto mmoja. Hakuwa na namna ya kuipima damu. Aliangalia nani yu tayari kupoteza ili mtoto aishi, akamtambua mama kwa alama hiyo. Katika hadithi ya Kaye alama ile ile inaonekana kwa mtoto. Mapenzi yake kwa mama ni ya mtoto wa kweli, ngozi iwe ya kijani au ya namna nyingine.

Mtu atapinga: Mama afanyeje basi, amfukuze nani? Kwa nini amfukuze mmoja? Aliyeibwa akirudi, haki yake ni kupokewa. Aliyelelewa akibaki, haki yake ni kutosahauliwa. Moyo wa mama si kikapu cha unga, ukimpimia mmoja upungukie mwingine. Kosa la Michael Cleary halikuwa kumtamani mke wake wa kweli. Kosa ni kwamba, kwa ajili ya mke wa kuwaziwa aliye juu ya farasi mweupe, alimwua yule aliye mbele yake, aliyekuwa akisema jina lake.

Kwa hiyo, wewe binti unayesoma hadithi hizi usiku kwa taa ndogo, soma bila hofu. Ukitamani mabawa, si dhambi. Ila usiishie katika ukurasa ule ambapo msichana anajiona katika kioo. Endelea mpaka pale anapoondoka kwenda kumtafuta mwenzake. Hapo ndipo anapotambulikana ni nani, na hapo pasipo mabawa nawe waweza kufika.

Nanyi wazazi, na walezi wa watoto wa ndugu, siku itafika mtoto atawatazama kama mgeni, nanyi mtamtazama vivyo hivyo. Atakuwa mgonjwa, au mkali, au mkimya mno. Jirani atanong'ona neno. Siku hiyo msimwulize mtoto yeye ni nani. Mwiteni kwa jina mlilompa, mpelekeni hospitali ikiwa anaugua, na asubuhi mkalie kando ya mkeka wake na kikombe cha uji.