Pumzi Ya Jirani Yako
Somo: Mwanzo 2:7, 1 Wakorintho 6:19-20



Vijana huniuliza, "Pasta, ni wapi Biblia imesema sigara ni dhambi? Mwili si ni wangu?" Kweli, neno sigara hamtalipata, Mwanzo hadi Ufunuo. Lakini mimi nauliza: pumzi ni ya nani?

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, takriban milioni 300. Kuta zake ni nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo damu hupokea oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, usiku na mchana, hata ukilala bila kuomba. Kazi hiyo hatuilipii. Ni neema tupu.

Moshi wa sigara huleta gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakalia kiti cha mwenyewe. Miaka ikienda, kuta za vifuko nazo zinaharibika, na zikishaharibika hazioti tena.

Sasa angalia tunavyoishi hapa Kware. Ploti moja, milango kumi kila orofa, koridoo moja, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ukivuta pale koridoni, mtoto wa mlango wa nne anavuta pamoja na wewe, na hakuna aliyemuuliza. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, lakini upendo haungoji kanjo. Dhambi naiona hapo: kumharibia jirani pumzi ambayo si wewe uliyempa.

Na sisi tusiovuta tusijigambe. Jiko la makaa likiwaka chumbani, mlango umefungwa kwa baridi ya Julai, linatoa gesi ileile, na inaua kimya kimya. Usilale nalo ndani. Litoe nje.

Ndugu unayepambana na sigara, nikotini ni mnyororo, hatukucheki. Ukiacha leo, kwa siku moja au mbili ile gesi imetoka kwa damu. Mungu aliumba mwili unaosamehe haraka kuliko washirika wengine! Njoo tuombe, kisha uende kliniki. Hayo mawili hayagombani.

Ombi la wiki: Bwana, nifundishe kuitunza pumzi uliyonipa, na ile uliyompa jirani yangu. Amina.