Wasifu wa Marehemu

Majuma machache yaliyopita tulikuwa Kidatu, mji mdogo wa kiwanda cha sukari katika bonde la Kilombero, tukashiriki mazishi ya mzee mmoja. Kama ilivyo desturi yetu, kabla ya mwili kuteremshwa kaburini ulisomwa wasifu wa marehemu. Karatasi ilikuwa moja. Nusu yake ilijaa habari za vita vya Kagera. Kiwanda kilipata mstari mmoja. Yale mengine hayakupata hata neno. Tangu siku ile twajiuliza: mtu akifa, ni lipi katika maisha yake lipaswalo kukumbukwa?

Hatusemi kwamba vita havikustahili kutajwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia na kupora ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mgambo waliitwa kwa maelfu kuliongezea jeshi nguvu, na marehemu, kijana wa miaka 24, alikuwa mmoja wao. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wenzao waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Aliyerudi mzima ana heshima yake, wala hakuna mwenye haki ya kumnyima.

Lakini watoto wake walitueleza kwamba yeye mwenyewe hakupenda kuzisimulia habari hizo. Wakimwuliza, aliinuka akatoka nje kuwatazama kuku. Basi nusu nzima ya karatasi iliandikwa na watu ambao hawakuwako vitani, juu ya jambo ambalo yeye aliyekuwako alilinyamazia. Je, tulimheshimu, au tulimsemea?

Kiwandani alikaa miaka 34. Wasiojua kazi ile hudhani ni kusukuma vyuma tu. Lakini miwa ikishakatwa haingoji. Kila saa ipitayo sukari yake yapungua. Ndiyo maana wakati wa msimu vinu husaga usiku na mchana, na mtu wa zamu ya usiku asipofika, jasho la mkulima lapotea shambani na njiani. Yeye alifika. Vitani alikwenda kwa sababu aliitwa, akakaa mwaka mmoja na kitu. Kazini alikwenda kila siku, hata siku ambazo angeweza kusingizia homa. Twaona ajabu kwamba jambo la kwanza huitwa ushujaa na la pili huitwa ajira.

Na yale yasiyoandikwa? Kila msimu huja wakata miwa kutoka mikoa ya mbali. Wengine hufa huko, hawana ndugu wa kuwalilia. Mzee huyu aliwachimbia makaburi, akatafuta majina ya vijiji vyao, akawaandikia jamaa zao barua. Hakulipwa na mtu.

Mwenzetu mmoja alitupinga. Alisema Injili yatukataza kupigia baragumu sadaka zetu. Basi wema uliofanywa kimya uachwe katika kimya chake. Neno hilo ni zito, nasi hatulidharau. Ila twafikiri katazo lile lilimhusu mtoaji. Yeye hakupiga baragumu, akalitii. Sisi tuliopokea hatukuambiwa tusahau, na wale jamaa waliozipata barua zile hawawezi kusema hawakujua.

Tena tukiamua kusema, tuseme yote. Mjane alituambia, pasipo uchungu, kwamba mara nyingi alikula peke yake kwa sababu mumewe alikuwa msibani kwa watu asiowajua, na kwamba fedha ya stempu ilitoka katika fedha ya chumvi. Hilo pia lilikuwa la kusomwa. Sadaka ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa ameketi pale kwenye mkeka, hai, akisikiliza habari za Kyaka.

Wakati wasifu ukisomwa, vijana wanne wenye majembe walikaa chini ya mwembe. Ndio waliokuwa wakichimba pamoja naye miaka ya mwisho, na kaburi lake ndio waliolichimba alfajiri ile. Hakuna aliyewaita waseme neno. Baadaye tuliwafuata, tukawauliza habari za mzee. Mkubwa wao hakusema mengi. Alitoa mfukoni kamba aliyoachiwa, yenye mafundo mawili, moja la urefu na moja la upana, akatuonyesha jinsi ya kuipima.