Sheria ya Mchezo na Uso wa Mchezaji

Uso ni mali ya kwanza ya mtu mbele ya watu. Kwa uso hujulikana, kwa uso husalimiwa, na kwa uso huheshimiwa au hudharauliwa. Sheria inayogusa viatu vya mchezaji hugusa chombo tu. Sheria inayogusa uso wake humgusa mwenyewe. Kwa sababu hii, swali la kama yafaa kuwakataza wachezaji wanja na rangi usoni, ingawa laonekana dogo, lastahili kupimwa kwa mizani ya haki.

Swali hili lilizaliwa mbali na Kilimanjaro. Katika softiboli, mchezo wa mpira upigwao kwa gongo uliobuniwa Chicago mwaka 1887, wachezaji hupaka chini ya macho mstari wa mafuta meusi mfano wa wanja, ili mng'ao wa jua usiwafiche mpira ulio angani. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta hayo husaidia kweli macho kupambanua vitu juani. Walakini mstari ulipanuka ukawa pambo la shavu zima, na pambo likageuka maandishi. Mwaka 2009 Tim Tebow, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, alicheza akiwa na tarakimu za aya ya Biblia chini ya macho yake. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo vya nchi hiyo kikakataza wachezaji wa kandanda hiyo wasiweke maneno, tarakimu wala alama katika wanja wao.

Hapo pana mambo matatu yasiyopasa kuchanganywa: kinga, pambo na neno. Yote matatu hupakwa mahali pamoja, tena pengine kwa kidole kimoja. Lakini hayana haki sawa. Neno laweza kuwekewa mpaka, maana uwanja ni wa wote, na anayeandika usoni humlazimisha mpinzani wake kusoma asichokiomba. Pambo ni jambo la desturi na kiasi. Kinga ni haja ya mwili, na haja ya mwili haiombi ruhusa kwa desturi.

Wakazi wa nchi zinazouzunguka mlima hawahitaji kufundishwa kwamba rangi ya uso husema. Vijana wa Kimaasai waliotoka tohara karibuni huonekana kando ya barabara wamevaa nguo nyeusi, nyuso zao zimechorwa kwa weupe, na kila apitaye hujua kwamba wamo safarini kati ya utoto na utu uzima. Kwa hiyo watunga sheria wanaoiogopa lugha ya uso si wajinga. Kosa lao huanza wanapodhani kwamba kila kilichopakwa usoni ni lugha.

Mizani hii haina mahali pa kujaribiwa panapofaa kuliko Moshi. Katika hospitali ya KCMC kipo chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na katika miaka ya 2010 yalianza kutengenezwa huko mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Watu hao hurithi hali yao kutoka kwa wazazi wote wawili; ngozi yao hukosa rangi ya kuizuia miale ya jua, macho yao huumizwa na mwanga mkali, na saratani ya ngozi huwanyemelea tangu ujana. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana hali hiyo. Na jua la huko si la kudharauliwa: Moshi iko karibu na Ikweta, na kadiri mtu apandavyo kuelekea Marangu au Kibosho miale hiyo huongezeka nguvu, hata siku ambayo mawingu yameufunika mlima.

Basi na achukuliwe binti mwenye ualbino ambaye shule yake imemchagua kucheza. Amepaka mafuta, na uso wake wang'aa weupe juu ya weupe. Mwamuzi ana kanuni mkononi isemayo tu kwamba rangi usoni ni marufuku. Akimwamuru ajifute, atakuwa ameitii herufi ya kanuni na kumweka mtoto katika njia panda: auache mchezo, au auache mwili wake uungue. Walio wengi wataacha mchezo, nao watazamaji watasema kwamba watu wa namna ile hawawezi michezo. Hivyo dhuluma hupata ushahidi iliyojitengenezea yenyewe. Hata hivyo uwezo wao umekwisha kuonekana: timu ya kandanda ya Albino United iliundwa Dar es Salaam mwaka 2008, katika siku ambazo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina.

Yamkini atatokea wa kupinga, aseme kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akiruhusiwa mmoja, kesho wote watadai dawa, na mwamuzi hawezi kusoma nyoyo. Hoja hii ina uzito, lakini jawabu lake halihitaji kusoma nyoyo. Mwamuzi na aulize mambo mawili yaonekanayo kwa macho: je, kilichopakwa kina neno au alama? Je, chaweza kuuchafua mpira au kumdhuru mwingine? Katika softiboli ni haramu kwa mrushaji kuupaka mpira kitu cha kigeni, na mafuta ya uso yaweza kuhamia mkononi. Dawa ya hilo ni kufuta mikono, si kufuta uso.

Usawa wa wachezaji si kufanana kwa nyuso zao. Msumeno haujui ukatacho, bali fundi ajua; na sheria iliyonyimwa fundi mwenye kupambanua hukata nguzo kwa bidii ile ile inayokatia kuni. Kanuni njema haina budi kuitaja kinga kwanza na kuilinda, ndipo izungumze juu ya pambo na neno.