Mkate wa Mateka

Ama baad. Jueni, enyi ndugu, ya kuwa siku ya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), walitekwa Makureshi wapatao 70. Miongoni mwao alikuwamo Abu Aziz bin Umair, mshika bendera yao. Mtume (S.A.W.) akausia mateka watendewe wema. Basi kila chakula cha mchana na cha usiku, Maansari walimpa yeye mkate, nao wakala tende. Naye huona haya, akawarudishia. Wao humrejeshea pasi na kuugusa. Na huyu ndiye aliyewajia kwa vita! Basi aliye na adui mkononi mwake na ajiulize: amempa kilicho bora, au kilichosalia? Wallahu aalam.